Abdülhamid II, mufalme aliyetazama inchi yake katika foto

Abdülhamid II alizaliwa Istanbul, Uturuki, tarehe 21 Septemba 1842. Mama yake alikufa wakati yeye alikuwa angali mutoto. Alijifunza ufundi wa mbao, na hata kisha kuwa mufalme aliendelea kutengeneza meza na makabati kwa mikono yake.

Mwaka 1876 wafalme wawili waliondolewa mu kiti, mumoja nyuma ya mwingine. Tarehe 31 Agosti wakamuweka yeye. Juu ya ile, woga haukumutoka tena. Mwaka 1878 alifunga bunge, akajifungia katika nyumba yake ya kifalme ya Yıldız, akaweka wapelelezi kila pahali.

Lakini inchi yake ilitoka Balkani mpaka Yemen. Ataiona namna gani bila kutoka? Njo akatuma wapiga-foto. Wakati ule mashini ilikuwa nzito, na foto zilishikwa juu ya vioo. Wale watu walipiga milima, mito, bandari, misikiti, masomo, viwanda na reli. Wamoja walikuwa maofisa wa jeshi. Wengine walikuwa Waarmenia, sawa wale ndugu watatu Abdullah: Viçen, Hovsep na Kevork, wenye sifa kubwa mu Istanbul. Foto zaidi ya 30.000 zilikusanyika Yıldız.

Mwaka 1893 alituma Marekani albumu 51, zenye foto 1.819. Alitaka wageni waone inchi yenye hospitali, masomo mapya na mandhari mazuri, hapana inchi yenye kuanguka. Shida za watu hazikuonekana mule. Na tangu 1894 mpaka 1896 Waarmenia makumi ya maelfu waliuawa mu inchi yake, watu wa kabila moja na wale ndugu waliomupigia foto.

Mwaka 1908 maofisa waliasi, bunge likafunguliwa. Mwaka 1909 wakamuondoa, wakamupeleka Saloniki. Alikufa Istanbul tarehe 10 Februari 1918.

Foto zake zingaliko, katika chuo kikuu cha Istanbul. Leo Waturuki wanaona mule vilima na pwani sawa vile vilikuwa mbele ya nyumba kujaa. Lakini mufalme aliyekuwa na hizi foto zote hakujua watu wake. Aliona tu kile alichoomba kuonyeshwa, na mukubwa wa kazi asiyeshuka mwenyewe chini ya shimo anaona vilevile.