Claude Bourgelat, Mwalimu wa Waganga wa Wanyama

Katika kitabu hiki cha yubile twapenda kumkumbuka mwalimu mmoja wa kale, ili walimu wetu wajue kazi ya mwalimu hufika wapi.

Claude Bourgelat alizaliwa katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa, mwaka wa 1712. Mwaka wa 1740 akawekwa kuwa mkuu wa chuo kilichofundisha vijana kupanda farasi. Siku zile mwenye mnyama mgonjwa alimwendea mhunzi apigiliaye farasi viatu vya chuma. Kijana alikaa kwa mhunzi miaka mingi, akitazama na kushika nyundo, akapokea ujuzi wa fundi wake pamoja na makosa yake. Bourgelat hakuudharau ufundi huo, lakini aliona kwamba hautoshi. Akachunguza mizoga ya farasi, akaandika vitabu juu ya viungo vyao.

Wakati ule sotoka iliwaua ng'ombe wengi wa Ulaya, na mkulima aliyefiwa na ng'ombe hakuwa na wa kuvuta plau. Mwaka wa 1761 serikali ya mfalme ikampa Bourgelat ruhusa ya kuanzisha shule ya uganga wa wanyama, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1762. Wanafunzi walisoma habari za mwili na za mimea ya dawa, tena walifanya kazi ya kufua chuma. Maradhi yalipozuka mashambani, walitumwa huko. Sotoka haikuwa na dawa. Lililowezekana ni kuitambua mapema na kuwatenga wagonjwa na wazima.

Mwaka wa 1765 akaanzisha shule ya pili huko Alfort, karibu na Paris. Hakukosa upungufu: alimjua farasi kuliko ng'ombe, na watu walimlaumu kwa hilo. Alikufa mwaka wa 1779, na sotoka ingaliko.

Lakini mafundisho yake hayakufa. Mwaka wa 1791 Vial de Sainbel, aliyesoma katika shule ya Lyon, akawa mwalimu mkuu wa kwanza wa chuo cha namna hiyo mjini London. Miaka mia hivi baadaye sotoka ikafika kwetu Afrika ya Mashariki. Wamasai na wafugaji wengine wakapoteza karibu ng'ombe wao wote, na njaa ikafuata. Ndipo Walter Plowright, aliyesoma katika chuo kile cha London, pamoja na wenzake wakatengeneza chanjo nzuri huko Muguga, Kenya, yapata mwaka wa 1960. Chanjo hiyo ikaenea nchi nyingi, hata mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Basi, ndugu walimu, mara nyingi sisi tumempeleka mtoto shambani au zizini kwa adhabu, na hivyo tumemfundisha kuchukia kazi inayolisha nyumba yao. Tuache desturi hiyo. Tumpeleke huko ajifunze, tukiwa pamoja naye, kitabu mkono mmoja na jembe mkono wa pili.