Dakta Krapf: Alilitenda Neno Akiwa Njiani



Safari hii tunatazama maisha ya Johann Ludwig Krapf. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Lakini sisi hatumkumbuki kwa ajili ya mlima. Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, unatuonya kwamba anayelisikia Neno asilitende anajidanganya mwenyewe. Tunataka kuona Krapf alilitendaje Neno siku alizokuwa hana kitu mkononi.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na chama cha misioni cha CMS, na huko moyo wake ukawapenda Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagalla. Mwaka 1842, akiwa safarini kutoka Shoa, chifu mmoja wa Waoromo hao hao alimkamata na kumnyang'anya mali yake. Akatembea hadi bandari ya Massawa kama ombaomba.

Ndugu zangu, njia ya namna hiyo tunaijua. Mtu akiporwa na watu wa kabila fulani, huona ana haki ya kulichukia kabila lote, na chuki hiyo huibeba mpaka kambini. Krapf hakuibeba. Aliendelea kutafuta njia ya kuwafikia Waoromo na Injili. Huko ndiko kusamehe adui: si kusema kwa mdomo tu, bali kuendelea kumtakia mema.

Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich. Walipojaribu kurudi Ethiopia, Rosine alijifungua nyikani kabla ya siku zake. Mtoto wakamwita Eneba, maana yake chozi. Hakuishi. Wakamzika njiani wakaendelea na safari.

Njia ya Ethiopia ilipofungwa, waliamua kuwafuata Waoromo kwa upande wa pwani. Novemba 1843 waliondoka Aden, lakini chombo kikaingia maji wakarudi. Hawakukata tamaa, wakapanda jahazi lingine. Likashuka na upepo wa kaskazi kupita Barawa, mdomo wa mto Juba, pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni, hadi Mombasa. Wenzetu mliozaliwa Kismayu, Koyama au Chula, bahari ile mnaijua. Ndiyo hiyo hiyo iliyowavusha wengi wenu vita vilipoanza mwaka 1991.

Januari 1844 Krapf alifika Unguja, na Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Kisha akakaa Mombasa, akaanza kujifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Dini zao zilikuwa mbalimbali na kila mmoja alishika yake, lakini walikaa pamoja juu ya kazi kwa heshima. Sisi tunaochota maji bomba moja na majirani Waislamu tuna la kujifunza hapo.

Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki kwa homa, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kaburi lipo upande wa Nyali mpaka leo. Yeye aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo ni ishara ya kazi iliyoanza. Hakusema hakulia, alilia, kisha akainuka. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, alianzisha misioni ya Rabai.

Matunda yalikuwa machache mno. Wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, maskini aliyelemaa, akabatizwa akiwa karibu kufa. Kwa hesabu ya dunia ni hasara. Lakini Krapf hakumwona Mringe kuwa mdogo mno wa kutembelewa.

Mwaka 1851, katika safari ya Ukambani, mwenyeji wake Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Krapf akakimbia peke yake porini. Hakuwa na chombo cha maji, akajaza maji katika mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini. Alitembea usiku, akijificha mchana, mpaka Mungu akamfikisha.

Hakuwa malaika. Katika maandishi yake mara nyingine aliwahukumu kwa ukali watu aliokaa nao. Tunalisema hili ili msidhani Neno hutendwa na wakamilifu tu.

Afya ilimrudisha Ujerumani mwaka 1853. Waoromo hakuwafikia kama alivyotamani. Hata hivyo wito wake uliwagusa Waswidi, ambao nao walianza kuwatafuta Waoromo, na baadaye wakafungua misioni Kismayu. Serikali ya Italia iliwafukuza mwaka 1935, lakini mbegu ilikuwa imeshapandwa bondeni mwa Juba.

Krapf alifariki Kornthal tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, hakuiona.

Wapendwa, wengi wetu husema tutamtumikia Mungu tukishapata nchi ya kudumu. Krapf alitumika njiani. Wiki hii, kila mmoja amtafute mtu mmoja: aliyemkosea, jirani wa dini nyingine, au mgonjwa asiyetembelewa na mtu. Tusingoje basi la kuondoka.

Bwana awabariki.