Hubert Humphrey: haki iliyoanzia katika mji mmoja



Mwezi wa kwanza wa mwaka 1968, makamu wa rais wa Marekani alifika Kinshasa. Jina lake lilikuwa Hubert Humphrey, naye alikuwa katika safari ya kutembelea nchi kadhaa za Afrika. Tarehe 4 Januari alikwenda kuweka shada la maua mahali pa kumkumbuka Patrice Lumumba. Wanafunzi wa chuo kikuu wakamngojea kwa makelele ya kumpinga. Waliona ni dharau: serikali iliyomchukia Lumumba alipokuwa hai inamletea maua akiisha kufa, na wakati uleule inapiga vita kule Vietnam. Kiongozi wa umoja wa wanafunzi alikamatwa kwa ajili ya siku ile.

Mtu huyo aliyezomewa Kinshasa alikuwa, miaka ishirini mbele yake, meya wa mji mmoja wa kaskazini mwa Marekani. Huko alifanya jambo ambalo viongozi wengi wa miji huliogopa. Alisema wazi kwamba mji wake una dhambi ya kubagua watu, kisha akatafuta njia ya kuitengeneza kwa sheria, kwa tume na kwa watu wa makanisa. Maisha yake yana mema na yana makosa. Tunayasimulia yote mawili, kwa sababu yote mawili yanatufundisha.

Mtoto wa duka la dawa

Hubert Humphrey alizaliwa tarehe 27 Mei 1911 katika jimbo la South Dakota, akakulia katika kijiji cha Doland, kijiji cha watu mia chache tu, katikati ya mashamba ya ngano. Baba yake alikuwa na duka la dawa. Mama yake alizaliwa Norway. Familia ilisali katika kanisa la Wamethodisti, na kijana Hubert alisikia huko mahubiri yaliyosema kwamba Injili inahusu pia mshahara wa mfanyakazi na chakula cha maskini.

Doland hapakuwa na watu weusi. Lakini alipokuwa mtoto, kikundi cha wafanyakazi weusi walikuja kujenga barabara karibu na kijiji. Yeye aliwauzia magazeti, akakaa nao, wakampandisha katika magari yao yaliyovutwa na nyumbu. Kwa hiyo watu weusi wa kwanza aliowajua maishani aliwajua kwa kuzungumza nao, mbele ya kujazwa maneno ya wengine juu yao.

Baadaye uchumi wa wakulima ulianguka. Benki zilifungwa, na wateja walilipa kwa kuku au hawakulipa kabisa. Nyumba ya familia ikauzwa ili kulipa madeni, na kijana akamwona baba yake akitoa machozi. Alilazimika kuacha masomo miaka kadhaa na kufanya kazi dukani. Mwaka 1936 alimwoa Muriel Buck, na wakarudi pamoja Minneapolis ili amalize chuo kikuu.

Mwaka 1939 alikwenda kusini, jimbo la Louisiana, kutafuta shahada ya pili. Huko alikuta mlango wa wazungu na mlango wa weusi, bomba la maji la wazungu na bomba la weusi. Alikuta kartie za watu weusi zenye mitaro ya maji machafu iliyo wazi karibu na nyumba. Mambo hayo yalimchoma. Lakini aliporudi kaskazini alianza kuona kitu kingine: Minneapolis nako kulikuwa na milango miwili, ila haikuandikwa.

Mji uliojaa makanisa

Minneapolis ulikuwa mji wa watu karibu nusu milioni. Wengi wao walikuwa na asili ya Sweden, Norway na Ujerumani, na makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa mengi. Watu weusi hawakufika asilimia 1. Wayahudi walikuwa wachache pia.

Hata hivyo wachache hawa walifungiwa njia. Chama cha wenye magari hakikupokea Wayahudi, wala vyama vya wafanyabiashara vilivyojisifu kwa matendo mema. Waganga Wayahudi walipata taabu kupata nafasi katika hospitali. Hati za viwanja vingi ziliandikwa kwamba mtu mweusi, na mara nyingine Myahudi, hataruhusiwa kununua wala kukaa pale. Mtu mweusi mwenye diploma aliweza kubeba mizigo stesheni au kufagia hotelini, lakini si kuuza nguo katika duka kubwa la mjini. Mwaka 1946 mwandishi wa habari Carey McWilliams alichapisha makala akiutaja Minneapolis kuwa mji mkuu wa chuki dhidi ya Wayahudi katika Marekani. Watu wengi walishangaa. Hawakuwa wamejiona kuwa wabaya, kwa maana hakuna aliyewahi kuwauliza.

Meya asiye na nguvu nyingi

Humphrey aligombea umeya mwaka 1943 akashindwa. Mwaka 1945 aligombea tena akashinda kwa kura zaidi ya 30,000. Alikuwa na miaka 34.

Lakini sheria za mji zilimpa meya uwezo mdogo. Nguvu ilikuwa mikononi mwa baraza la mji lenye washauri 26, na muhula wa meya ulikuwa miaka miwili tu. Kitu kikubwa alichoweza kufanya peke yake ni kumteua mkuu wa polisi. Akaanza hapo. Alichagua mkuu mpya, na polisi wakapelekwa katika mafunzo ya namna ya kuwatendea watu wa kila asili.

Kisha alipendekeza sheria ya kukataza ubaguzi katika kazi. Pendekezo la kwanza lilikwama katika baraza. Meya angeweza kulaumu wengine na kunyamaza. Badala yake alitafuta njia ndefu zaidi.

Mwaka 1946 aliunda halmashauri ya uhusiano kati ya watu wa mji. Kuiongoza alimweka mchungaji Reuben Youngdahl wa kanisa la Kilutheri la Mount Olivet. Jambo hili lilikuwa na maana. Walutheri ndio walikuwa wengi mjini. Meya alichagua sauti ya mchungaji wao, ili wasiweze kusema kwamba jambo hili ni la wageni au la wakomunisti. Alifanya kazi pia na viongozi Wayahudi, na vyama vya wafanyakazi, na Cecil Newman, mwandishi mweusi aliyeanzisha gazeti la Minneapolis Spokesman mwaka 1934 na ambaye alikuwa amepigania haki hizi miaka mingi mbele ya meya kufika. Ni vema kukumbuka hili: waliobaguliwa ndio walioanza kazi. Meya aliingia katika shamba lililokwisha kulimwa.

Halmashauri ile ikafanya jambo la pili: mji ulijichunguza wenyewe. Kwa kuongozwa na Charles S. Johnson, mtaalamu mweusi wa Chuo Kikuu cha Fisk, mamia ya watu wa kujitolea walikwenda kuuliza maswali katika viwanda, maduka, shule, hospitali, vyama na makanisa. Mnaajiri nani? Mnapokea nani? Mnakodisha nyumba kwa nani? Hawakutumwa wataalamu kutoka mbali kuja kuuhukumu mji. Wenyeji walikwenda kwa wenyeji. Na mtu aliyegonga milango kumi na kusikia majibu yaleyale hakuweza tena kusema kwamba habari za ubaguzi ni uongo.

Tarehe 31 Januari 1947 baraza la mji lilipitisha sheria kwa kura 21 dhidi ya 3. Ilikataza mwajiri kumkataa mtu kwa sababu ya rangi, dini au asili yake, na iliunda tume ya kupokea mashitaka. Ilikuwa kati ya sheria za kwanza za namna hii katika miji ya Marekani zilizokuwa na adhabu ndani yake, si shauri tu. Hata hivyo tume ilipendelea kwanza kuita pande mbili na kuzungumza. Baada ya muda maduka makubwa ya katikati ya mji yakaanza kuajiri wauzaji weusi.

Kazi hii ilikuwa na hatari. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1947, usiku, Humphrey alipigwa risasi akirudi nyumbani kwake. Hazikumpata, na aliyezipiga hakujulikana. Miezi michache baadaye wapiga kura walimrudisha katika umeya kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza.

Kutoka mji hadi taifa

Mwezi wa saba mwaka 1948 chama chake, cha Demokrati, kilikutana Philadelphia. Viongozi wa chama walitaka maneno laini juu ya haki za watu weusi ili wasiwaudhi wajumbe wa kusini. Humphrey, mwenye miaka 37, alionywa kwamba akisimama kupinga atapoteza maisha yake ya siasa. Alisimama. Alihutubia kwa dakika chache tu, na mkutano ukakubali pendekezo la haki za raia kwa kura 651 na nusu dhidi ya 582 na nusu. Wajumbe wote wa Mississippi na nusu ya wajumbe wa Alabama wakatoka ukumbini. Aliweza kuzungumza vile kwa sababu hakuomba taifa lifanye kitu ambacho mji wake haukujaribu.

Mwaka huo alichaguliwa kuwa seneta. Miaka 16 baadaye, mwaka 1964, ndiye aliyeongoza katika Seneti kazi ya kupitisha Sheria ya Haki za Raia. Wapinzani walizungumza wiki baada ya wiki ili kura isipigwe. Makanisa yalifanya kazi kubwa: wachungaji, mapadri na marabi walikwenda kwa maseneta wao, na wanafunzi wa theolojia walikesha kwa maombi usiku na mchana mbele ya sanamu ya Lincoln huko Washington. Tarehe 10 Juni mjadala ulifungwa kwa kura 71 dhidi ya 29, na tarehe 2 Julai rais Lyndon Johnson akatia sahihi. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na sehemu juu ya kazi: mwajiri asimkatae mtu kwa rangi, dini au asili. Wazo lile lile lililokuwa limejaribiwa Minneapolis mwaka 1947 lilikuwa sasa sheria ya nchi nzima.

Kosa lake

Mwaka 1965 Humphrey akawa makamu wa rais. Mwezi wa pili alimwandikia rais akimwonya asiongeze vita Vietnam. Rais alikasirika, akamtenga katika mikutano. Hapo Humphrey alichagua njia nyingine: aliitetea vita hadharani, ingawa alikuwa ameona hatari yake. Mtu aliyekuwa tayari kupoteza kila kitu Philadelphia alinyamaza alipokuwa karibu na kiti kikubwa. Wanafunzi wa Kinshasa hawakukosea kabisa walipomwona kama mjumbe wa vita. Mwishoni mwa mwaka 1968 aligombea urais, akashindwa na Richard Nixon kwa tofauti ya kura karibu nusu milioni.

Alirudi katika Seneti mwaka 1971, kisha akaugua saratani. Katika siku zake za mwisho alimpigia simu Nixon, aliyekuwa ameacha urais kwa aibu na kuepukwa na wengi, akamkaribisha kwenye mazishi yake. Humphrey alifariki tarehe 13 Januari 1978. Nixon alikuja.

Kwa makanisa yetu

Minneapolis haikuwa mbinguni baada ya sheria ile. Kartie zilibaki zimetenganishwa. Mwaka 1967 ghasia zilitokea kaskazini mwa mji, na mwaka 2020 mtu mweusi, George Floyd, aliuawa na polisi barabarani katika mji huohuo. Sheria nzuri ya mwaka mmoja hailindi mji milele. Kila kizazi kina kazi yake.

Lakini tunaweza kujifunza. Sisi katika mashariki tunajua swali linaloulizwa mbele ya kumpa mtu kazi, nyumba au kiti katika kamati: huyu ni mtoto wa wapi? Tunajua pia kwamba swali hili linaingia hata kanisani, wakati wa kuchagua wazee, au wa kugawa msaada kwa waliokimbia vita. Yakobo alikemea kanisa lililompa mmoja kiti kizuri na kumwambia mwingine asimame kando. Hakuwaandikia wapagani.

Kusanyiko linaweza kuanza kwa kujichunguza kama mji ule ulivyojichunguza. Tuhesabu: katika shule yetu, katika dispensari yetu, katika kamati yetu, nani amepewa nafasi na nani hayumo? Wanaohesabu wawe wa kabila zote, na matokeo yasomwe wazi. Baada ya kuhesabu tuweke kanuni, na watu ambao aliyekataliwa anaweza kuwaendea. Kisha wachungaji wasikae nyuma. Mchungaji Youngdahl aliongoza halmashauri ile kwa niaba ya watu ambao hawakuwa wa kabila lake wala wa kanisa lake.

Na tumwombe Mungu neema ya kutonyamaza siku tutakapopewa viti vikubwa.