Tom Mboya na Kura za Nairobi

Wenzangu, jina la marehemu Tom Mboya twalisikia kila mara. Kuna barabara yenye jina lake, kuna shule na sasa kuna chuo kikuu. Lakini nimegundua kwamba wengi wetu twajua tu jinsi alivyokufa. Mimi nataka kuwaeleza habari ya kura zake, kwa maana katika jiji la Nairobi alisimama mara tatu, kila mara katika jimbo lenye mipaka mingine na wapiga kura wengine, na mara zote tatu alishinda.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Wazazi wake walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga, lakini mtoto alikua kati ya Wakamba na Wakikuyu, akasoma Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u. Karo ilipokosekana aliacha masomo, akajifunza kazi ya bwana afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Siku moja mama mmoja wa Kizungu aliingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu mle ndani, hali Mboya amesimama mbele yake. Nadhani habari hii yaeleza mengi kuliko kurasa kumi za kitabu cha historia.

Basi akaanza kuwaunganisha wafanya kazi wa jiji katika chama chao, na mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23 tu, akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi wa Kenya. Wakati huo ulikuwa wa Hali ya Hatari. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku na viongozi wake wamefungwa. Aprili 1954 maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa mjini Nairobi, wakapelekwa kambini. Shirikisho lilikuwa karibu peke yake katika kupaza sauti kwa ajili yao, na msemaji wake alikuwa Mboya. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana lina kazi mbele.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulifanyika Machi 1957, viti vinane kwa nchi nzima. Haikuwa kura moja kwa kila mtu. Elimu, mapato na utumishi vilipimwa, hata mtu mmoja aliweza kuwa na kura tatu na jirani yake asiwe na hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wapate cheti cha utiifu kwa Serikali, na kwa hiyo wengi wao hawakuandikishwa. Mboya alikuwa amerudi miezi michache tu kutoka masomoni Oxford. Mshindani wake, Bwana Argwings-Kodhek, ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, naye alikuwa amewatetea mahakamani watu walioshtakiwa kwa Mau Mau. Huyu naye alikuwa Mjaluo. Mboya alipata kura 2,138, Argwings-Kodhek 1,746. Wale wajumbe wanane walikataa kuwa mawaziri, wakadai viti zaidi, na mwaka wa 1958 viti vikawa kumi na vinne.

Sasa twafika Februari 1961, na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Hali ya Hatari ilikuwa imekwisha. Masharti ya kura yalikuwa yamelegezwa: aliyejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyetimiza miaka 40, aliweza kuandikishwa. Wakikuyu walirudi katika daftari, na katika jimbo la Nairobi Mashariki wakawa wengi kuliko kabila jingine lolote. Aliyesimama kumpinga Mboya alikuwa Dakta Munyua Waiyaki, Mkikuyu, mganga anayeheshimiwa, tena mwana-KANU kama yeye. Hata baadhi ya wakubwa wa KANU hawakumtaka Mboya. Kwa hesabu ya vidole Waiyaki alikuwa ashinde. Kura zilipohesabiwa, Mboya alikuwa na 31,407, na Waiyaki 2,668.

Katika bweni letu, wakati wa kuchagua viongozi wa wanafunzi, wako wanaohesabu majina ya makabila kabla ya kusikia mgombea atafanya nini. Niliwasomea tarakimu hizo mbili. Mmoja akasema zamani watu walikuwa wema kuliko sasa. Mimi sikubali. Watu wa Pumwani, Kaloleni na Shauri Moyo walikuwa na shida zao za mshahara na nyumba, na walijua nani aliwasemea mwaka wa 1954. Pia walikuwa wameona ndege ya Septemba 1959, iliyopeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani kwa juhudi zake na za rafiki zake, nao hawakuwa wa kabila moja.

Mei 1963 alishinda tena, safari hii Nairobi ya Kati, akawa Waziri wa Sheria na Katiba, na baadaye Waziri wa Mipango ya Uchumi. Uwaziri wake nauacha, kwani wataka makala yake.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa, katika barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Siku ya misa yake watu walijaa nje ya kanisa kuu la Holy Family, ghasia zikazuka, polisi wakatumia moshi wa kutoa machozi. Mkikuyu mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo akanyongwa, na chuki kati ya makabila mawili ikawa kubwa, miaka minane tu baada ya kura zile za Nairobi Mashariki.

Alizikwa Rusinga, kisiwa ambacho hakikuwa na kura hata moja katika jimbo lake.