Robert Koch: Daktari Mnoma Aliyeacha Watu Vipofu Visiwani Ssese

Buda, jina Robert Koch labda ulilisikia shule ukalisahau. Lakini kama kuna mtu mtaani kwenu Majengo ashawahi kukohoa wiki mbili akaambiwa apeleke makohozi yapimwe TB, basi kazi ya huyu Mjerumani ushaiona. Ndiye aliyetambua kidudu cha TB, mwaka 1882. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa mambo ya viini, enzi zake wachache sana waliweza kusimama naye.

Sasa kuna story yake ya huku kwetu ambayo wengi hatukufunzwa darasani.

Koch alizaliwa 1843 Clausthal, mji wa migodi. Alianza kama daktari wa kawaida tu wa mashambani, akifanya utafiti wake wa kimeta kwa hadubini nyumbani. Hakuna maabara kubwa, hakuna godfather. Kufikia miaka ya 1880 dunia nzima ilikuwa inamjua.

Lakini jina likikua, pressure nayo inakua. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya TB, tuberculin, na hakutaka kusema ndani kuna nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Haikuponya, na wengine wakafa. Ilikuwa aibu kubwa.

Haya, twende 1906. Pande za Ziwa Victoria kulikuwa na malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Uganda peke yake, kwa miaka kama 20, uliua zaidi ya watu 200,000. Reli iliyoanzia hapa Mombasa ilikuwa ishafika Kisumu tangu 1901, kwa hivyo wakubwa wa kikoloni walikuwa na hofu: watu wakiisha, nani atalima, nani atabeba mizigo?

Koch akapiga kambi visiwa vya Ssese, ziwani, upande wa Uganda. Dawa aliyokuja nayo iliitwa Atoxyl. Jina lenyewe lilimaanisha kwamba haina sumu, na ndani yake kuna aseniki! Kuna siku wagonjwa walifika kama 1,000. Wengi hawakuwa na pa kwenda kwingine.

Mwanzoni alidunga nusu gramu. Watu wakapata nafuu, halafu vimelea vikarudi. Akaamua kuongeza: gramu nzima. Hapo ndipo mambo yakaharibika. Maumivu, kizunguzungu, wengine wakatoroka kambi. Na zaidi ya watu 20 wakapofuka kabisa, kwa sababu dawa ilikuwa imekula neva za macho. Kuona hakukurudi tena.

Unajiuliza, ilikuwaje? Jibu alilipata mwenzake wa zamani, Paul Ehrlich, kule Ujerumani. Ukiweka Atoxyl na vimelea vya malale kwenye chupa, karibu hakuna kitu kinatokea. Ukiidunga mwilini, vimelea vinakufa. Maana yake ni kwamba mwili wenyewe ndio unaoigeuza kuwa kitu kikali. Inayofanya kazi si ile iliyo kwenye sindano, ni ile mwili ulioipika. Na aseniki haichagui. Inapiga vimelea, na inapiga wewe pia.

Kwa wazo hilo, Ehrlich na wenzake wakatengeneza Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoingia sokoni 1910. Sayansi ya dawa ikasonga mbele. Koch naye alirudi kwao 1907 na heshima zake, akafariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Berlin kuna taasisi kubwa yenye jina lake mpaka leo. Wale waliopofuka Ssese wanatajwa kama hesabu tu.

Usinielewe vibaya, TB tunaipima leo kwa sababu yake, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini mtu anaweza kuwa genius wa viini na bado apandishe dozi kwa watu ambao hawana uwezo wa kukataa. Yote mawili ni Koch.

Na hii kitu ya mwili kugeuza dawa haikuishia Ssese. Hata ile Panadol unayochukua dukani bila kufikiria, ini lako ndilo linaishughulikia. Sehemu ndogo yake hugeuka sumu, na ini huizima. Ukimeza nyingi kupita kiasi kwa sababu kichwa kimekataa kupoa, ini linazidiwa, na laweza kufa kabla hujajua unaumwa.

Kwa hivyo msee akikwambia ongeza mbili zaidi ndio zishike haraka, mwambie Ssese walishaongezewa. Dozi iliyoandikwa ndiyo hiyo hiyo. Isiposhika, rudi hospitali, usirudi dukani.