KALAMU ILIYOVUKA MALAGARASI

Mto Malagarasi hupita Ilagala kabla ya kumimina maji yake katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871, mbali zaidi upande wa bara, aliuvuka mtu aliyetumwa na gazeti. Mtu huyo ni Henry Morton Stanley, nasi leo twapenda kuyakumbuka maisha yake, kwani yanatufundisha jambo juu ya magazeti na vile watu wavithaminivyo.

Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka 1841, na jina lake lilikuwa John Rowlands. Alilelewa katika nyumba ya maskini. Alipokuwa kijana alivuka bahari hadi New Orleans, akajipatia jina jipya, akapigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akashika kalamu. Mwaka 1869 James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald, alimwagiza amtafute Dakta David Livingstone. Bennett hakuwa mmisionari wala mpelelezi wa nchi. Alikuwa mfanyabiashara aliyejua kuwa wasomaji wake wataigombea habari hiyo.

Basi Machi, 1871, Stanley akaondoka Bagamoyo. Watu wapatao 200, katika misafara mitano, walichukua majora ya nguo, shanga na masango. Wengine walikufa njiani kwa maradhi. Wengine walichapwa viboko. Malagarasi hawakuivuka mpaka walipolipa hongo, na punda wao mmoja, aitwaye Simba, akakamatwa na mamba. Mwishoni mwa mwaka wakaingia Ujiji, Livingstone akaonekana, na habari ile ikaenea duniani.

Hapa yatupasa tufikiri. Jina la punda yule limo katika kitabu cha Stanley, lakini wapagazi wengi hawakutajwa. Wasomaji waliokusudiwa hawakuwathamini, wala mwandishi hakuona haja ya kuwafundisha kuwathamini.

Lakini haki lazima isemwe. Mwaka 1872 Stanley alirudi na barua za Livingstone, zilizoeleza mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai, 1871. Habari hizo zilizidisha hasira za Waingereza juu ya biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni, 1873, Seyyid Barghash akatia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Kumbe wino ule ule uliotafuta faida uliweza pia kuzigeuza nyoyo za watu!

Stanley mwenyewe hakuishika njia hiyo. Tangu 1879 hadi 1884 alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo, akimtengenezea njia ya kuwatawala watu wasiomwita. Mtoto wa nyumba ya maskini alikufa London mwaka 1904, akiwa mtu wa cheo.

Sisi tushikao kalamu twajua kwamba mpika chumvi wa Uvinza, mvuvi wa dagaa na mkamua mawese wa Ilagala wana haki ya kuandikwa kwa majina yao. Lakini wewe pia, ndugu msomaji, una sehemu yako. Kila anunuaye gazeti ni Bennett mdogo: senti zake humtuma mwandishi njiani, na humwambia ni nani wa kutafutwa.