MWALIMU NYERERE NA REDIO

Lituhi iko kando ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Kutoka Lituhi hadi Dar es Salaam ni safari ndefu. Zamani, mvua za masika zilipoharibu barabara, watu waliingoja meli. Barua zilichelewa. Magazeti yalifika habari zake zikiwa zimekwisha kuwa za zamani. Lakini redio haikungoja barabara wala meli. Neno lililosemwa Dar es Salaam jioni lilisikika kando ya ziwa jioni ile ile.

Mtu mmoja aliijua sana nguvu hiyo ya redio. Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Watu wengi wa vijijini hawakuwahi kumwona kwa macho, lakini sauti yake waliijua. Tusome habari za maisha yake, na jinsi alivyoitumia redio kufundisha.

Mtoto wa Butiama

Mwalimu alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Ziwa Viktoria. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mugaya. Wakati huo Tanganyika haikuwa na kituo chochote cha redio. Habari zilipelekwa kwa miguu, kwa ngoma na kwa mdomo.

Kijana huyo alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, huko Mwisenge, Musoma. Baadaye alisoma Tabora, kisha Makerere nchini Uganda. Akawa mwalimu. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh, Uingereza. Alirudi nyumbani mwaka 1952, akafundisha katika shule ya Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Kituo kidogo cha Dar es Salaam

Mwalimu alipokuwa bado masomoni, jambo jipya lilitokea nyumbani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha redio. Kiliitwa Sauti ya Dar es Salaam. Kilikuwa kituo kidogo, na mtambo wake haukuwa na nguvu nyingi. Kilisikika mjini na jirani yake tu. Mwaka 1956 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na matangazo yakazidi kuenea.

Redio husafirisha sauti kwa mawimbi. Mawimbi hayo hatuyaoni, lakini hupita hewani kwa kasi kubwa. Masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi mchana, na hayafiki mbali sana. Usiku mawimbi hayo hupanda juu angani, kisha hurudishwa chini mahali pa mbali. Ndiyo maana usiku, kando ya ziwa, stesheni za mbali husikika vizuri kuliko mchana. Masafa mafupi huweza kurudishwa kutoka angani hata mchana, nayo huvuka nchi nyingi.

Sauti isiyokuwa na redio

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, na Mwalimu akawa kiongozi wake. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili adai uhuru wa nchi. Redio ilikuwa mikononi mwa wakoloni. TANU haikuwa na redio.

Basi Mwalimu alisafiri. Alipanda gari la chama, akapita barabara mbaya, akahutubia watu viwanjani na chini ya miti. Chama kilitoa pia karatasi ya habari. Karatasi hiyo iliitwa Sauti ya TANU. Mwaka 1958 Mwalimu alishtakiwa kwa sababu ya maneno aliyoyaandika humo juu ya wakuu wa wilaya wa kikoloni. Alihukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Alilipa faini, akaendelea na kazi.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Mwaka uliofuata ikawa Jamhuri, na Mwalimu akawa Rais.

Siku za hatari

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walidai mishahara zaidi, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondolewe. Waliteka mahali muhimu mjini, na kituo cha redio kilikuwa kimoja kati ya mahali hapo. Rais alifichwa. Watu mikoani hawakujua kama yu hai au amekufa. Kesho yake walisikia sauti yake redioni, wakajua kuwa yu salama. Uasi ulizimwa siku chache baadaye.

Mwaka 1965 redio ikawa chini ya serikali. Ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mitambo ya kurusha matangazo iliwekwa pia mikoani, na Songea ulikuwa mmoja wa miji hiyo. Vyama vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika navyo vilipewa nafasi ya kuzungumza na watu wao kutoka Dar es Salaam. FRELIMO ya Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ilikuwa miongoni mwao.

Darasa la nchi nzima

Mwaka 1967, watu wazima wengi wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Kati ya kila watu wazima 3, wapatao 2 hawakujua. Mwalimu aliona kuwa watoto walioko shuleni watachukua miaka mingi kabla ya kuibadili nchi. Wazazi wao walikuwa wakilima na kujenga siku ile ile. Kwa hiyo nao walihitaji elimu siku ile ile.

Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Mwalimu alizungumza na taifa kwa redio. Alitangaza kuwa mwaka huo utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa shuleni, makanisani, misikitini, viwandani na chini ya miembe. Mzee alikaa na kijana, na mama alikuja na mtoto mgongoni.

Lakini redio ina upungufu mmoja. Redio husema, haisikii. Ukiwa na swali, haiwezi kukujibu. Usipoelewa, haiwezi kukungoja. Tena redio zilikuwa chache. Mwenye redio alikuwa mtu mmoja mmoja, na betri zilikuwa ghali. Zilipochoka watu walizianika juani ili zipate nguvu kidogo.

Dawa ya upungufu huo ilikuwa kikundi. Watu walikusanyika kwenye redio moja. Walisikiliza somo, kisha redio ikazimwa. Kiongozi wa kikundi alisoma kitabu, nao wakajadiliana. Mwisho waliamua la kufanya.

Kampeni kubwa kuliko zote ilikuwa Mtu ni Afya, mwaka 1973. Iliendelea kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi. Watu karibu milioni 2 walihudhuria. Walijifunza juu ya malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Mafunzo hayakuishia kwenye maneno. Watu walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji ya kunywa. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 ilikuja Misitu ni Mali.

Idadi ya wasiojua kusoma ilishuka. Mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa kama 10 tu katika kila watu wazima 100.

Amri na majadiliano

Si kila jambo lilikwenda hivyo. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Watu wote walitakiwa wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Hapo hapakuwa na kikundi cha kujadili. Mahali pengine watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zikachomwa moto. Wengine walipelekwa mahali pasipo na maji au pasipo na rutuba. Mavuno yakapungua.

Tena kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, ya serikali. Mwananchi aliyekuwa na maoni mengine hakuwa na redio ya kuyasemea. Stesheni za watu binafsi ziliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993.

Tunajifunza nini? Redio ile ile ilileta Mtu ni Afya, na ilileta amri ya kuhama. Katika jambo la kwanza watu walisikiliza, wakauliza, wakaamua wenyewe. Vyoo walivichimba kwa sababu walielewa. Katika jambo la pili wengi waliambiwa tu.

Mwisho wa safari

Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki dunia hospitalini London. Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa habari hiyo ya msiba kwa redio na televisheni. Mwalimu alizikwa Butiama.

Leo redio ya taifa inaitwa TBC Taifa. Stesheni ni nyingi, na mtu anaweza kusikiliza redio kwa simu yake akiwa shambani au akitengeneza nyavu. Sauti zimeongezeka. Kazi ya msikilizaji ni ile ile ya zamani. Ukisikia jambo, liulize. Lizungumze na wenzako. Ukijua kusoma, lisome pia kwenye kitabu. Kisha uamue.

Maneno mapya

Masafa: umbali au njia ya mawimbi ya redio.
Kuasi: kukataa kutii wakubwa au serikali.
Kampeni: juhudi ya watu wengi kwa wakati mmoja, kwa shabaha moja.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini stesheni za mbali husikika vizuri usiku?
2. TANU ilifikishaje habari kwa watu kabla ya kuwa na redio?
3. Kwa nini watu walisikiliza masomo ya redio katika vikundi?
4. Kampeni ya Mtu ni Afya ilitofautianaje na amri ya kuhamia vijijini?
5. Taja jambo moja mlilolisikia redioni wiki hii. Je, ni kweli? Mtajuaje?